Kiungo Kilicholegea



Leo hatuandiki juu ya maisha ya mtakatifu wala juu ya sikukuu ya parokia. Twaandika juu ya mashini ya kuchomelea vyuma, na juu ya vipande vinne vya shaba, kila kimoja urefu wake kama kidole gumba. Labda mtauliza: "Je, hayo ni maneno ya gazeti la misioni?" Mtuvumilie kidogo. Kwa ajili ya vipande hivyo tulimkosea kijana mmoja, na kosa lenyewe lilitupasa kulitengeneza kwa shida kuliko mashini. Tena wako mafundi wengi katika Kasongo na Kabambare wenye mashini kama yetu. Tuliyoyajifunza kwa aibu, wao waweza kuyajifunza kwa raha.

Vitanda 12

Karakana yetu, au atelie kama tusemavyo huku Maniema, ni nyumba ya matofali karibu na kanisa. Kazi ya mikono si jambo geni katika misioni zetu. Mabruda walifundisha useremala na uashi hata kabla Kasongo haijawa vikariyeti mwaka 1952, na jimbo kamili mwaka 1959. Siku hizi sisi tulio walimu wa dini ndio tunaowaangalia vijana wa karakana: kwanza nusu saa ya katekisimu, kisha kazi. Lakini ufundi wenyewe tuliujua nusu tu. Seminarini tulisoma falsafa na Kilatini, na kanuni za umeme tuliziandika vizuri katika daftari. Waya wenyewe hatukuwahi kuushika.

Mashini ilinunuliwa mwaka 2019, tayari imekwisha kutumiwa na mtu mwingine. Ilisafiri kwa gari la moshi mpaka stesheni ya Samba, ikavushwa Lualaba, ikafika Kasongo imefungwa kwa kamba nyuma ya pikipiki. Ni ya namna ya zamani: transfoma nzito ndani ya sanduku la bati, na mbele yake gurudumu la mkono la kuchagua ampeya, mpaka 200. Umeme wake hutoka kwa jenereta.

Mwezi wa Juni mwaka 2022 tuliombwa vitanda 12 vya chuma kwa ajili ya nyumba ya wazazi katika teritori ya Kabambare. Huko akina mama walikuwa wakijifungua juu ya mikeka, chini sakafuni. Vitanda vilipaswa kuwa tayari kabla ya Septemba, kwa maana mvua zikianza barabara huwa matope, na lori laweza kulala njiani siku nyingi.

Katika karakana alikuwamo kijana wa miaka 19, mzaliwa wa Kabambare, mwana wa mjane. Huyo alikuwa na mkono mwema kuliko wenzake wote. Alipounganisha vyuma viwili, alama ya moto wake ilikuwa sawasawa kama mshono wa cherehani. Kitanda cha kwanza mpaka cha nne vilikwenda vizuri. Katika kitanda cha tano mashini ikaanza kusumbua. Cheche ilikatika-katika. Kijiti cha kuchomelea, ndicho tuitacho bageti, kiliganda juu ya chuma. Ukiongeza ampeya, kazi iliendelea dakika tano, kisha moto ulififia tena.

Jioni moja kijana yule akatujia mezani. "Mwalimu," akasema, "mashini inanuka ndani. Ni harufu ya waya unaoungua."

Tulikuwa tunaandaa mafundisho ya Dominika. Tulimjibu bila kuinua macho: "Mwanangu, kazi ni nyingi. Mashini si ua hata inukie." Wenzake wakacheka. Yeye akanyamaza, wala hakutaja harufu tena.

Basi tulianza kutafuta ugonjwa mahali ulipokuwa hauko. Tulizianika bageti juu ya makaa, kwa kuwa ganda lake hunywa unyevu wa hewa, na bageti yenye unyevu huwaka vibaya. Jambo hilo ni la kweli, lakini halikutusaidia. Tulichuja petroli ya jenereta kwa kitambaa. Haikusaidia. Watu wakaanza kunong'ona kwamba karakana imelogwa. Tuliwakemea kwa ukali, maana Mkristu hapaswi kutafuta mchawi kila kitu kinapoharibika. Kumbe sisi wenyewe tulikuwa tunatafuta mchawi wetu.

Tulipima ule waya mnene wa kuchomelea, tukaona umepungua shubiri moja. Kila mtu ajua ya kuwa shaba ina wanunuzi. Tukamwita kijana mbele ya wenzake, tukamwambia: "Wewe umekata waya ukauza, tena umeiharibu mashini."

Akajibu: "Sikuuza, Mwalimu. Niliukata kwa sababu uliungua. Kipande chake nili..."

Hatukumwacha amalize. Akachukua shati lake msumarini, akatoka. Kesho yake tukasikia amekwenda kwao Kabambare, amebebwa nyuma ya baiskeli ya mchuuzi. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100.

Mzee wa reli

Juma lote la pili cheche haikutulia. Ndipo mzee mmoja akasimama mlangoni. Ni Mwislamu, jirani yetu, na katika ujana wake alifanya kazi katika karakana za reli huko Kindu. Katika Kasongo Waislamu na Wakristu tunaishi ua kwa ua. Tunazikana na tunaozeshana. Akatoa salamu, akasikiliza mashini kidogo, akauliza: "Mwalimu, katika vijana wenu hakuna hata mmoja aliyesikia harufu?"

Hatukumjibu.

Akaamuru jenereta izimwe, na waya wa kuleta umeme ung'olewe kabisa, si kuzima swichi tu. Akasema ya kuwa kwa mashini za siku hizi, zile nyepesi za elektroniki, ni lazima kungoja zaidi kabla ya kufungua, kwa sababu ndani yake mna vyombo vyenye kutunza umeme hata baada ya kuzimwa, navyo vyaweza kumpiga mtu vibaya. Kisha akasema "Bismillahi", akashika bisibisi, akafungua sanduku. Sanduku hilo sisi ndio tuliokataza kijana yeyote asilifungue.

Ndani mlijaa vumbi jekundu. Nyuma ya matundu mawili ambamo waya za kazi huchomekwa, palikuwa na vipande vifupi vya waya vinavyounganisha matundu hayo na nyuzi za transfoma. Kila kipande kina kosi mbili, moja kila ncha. Kosi ni ile kofia ya shaba yenye tundu, ivikwayo ncha ya waya ili ifungwe kwa bolti. Basi kosi zile nne zilikuwa zimekufa. Moja ilipasuka. Mbili ziligeuka rangi, zambarau na nyeusi, kama chuma kilichotoka motoni. Ya nne ilikuwa na kutu ya kijani. Mpira wa waya ulikuwa umekauka, ukavunjika mkononi kama ganda la karanga. Mzee akashika nati kwa vidole viwili, bila spana. Ikazunguka.

"Transfoma ni nzima," akasema. "Viungo ndivyo vilivyokufa."

Hapo mwanafunzi mmoja mdogo akainama chini ya meza ya kazi, akatoa kopo la maziwa. "Mwalimu, hili ni lake," akasema. Ndani ya kopo kulikuwamo shubiri moja ya waya, ncha yake nyeusi, imeungua kweli kweli. Kulikuwamo pia kipande cha bomba la shaba la friji mbovu, nusu yake imekwisha kupondwa bapa na kusuguliwa kwa tupa. Alama ya tundu ilikuwa imechorwa, bado kutobolewa. Kijana alikuwa ameanza kutengeneza kosi mpya kabla hatujamfukuza.

Mzee alilitazama bomba lile, akatutazama sisi. Hakusema neno.

Kwa nini kiungo huungua

Tuwaeleze sasa jambo lililotokea, kwa kuwa ni la kweli katika kila mashini.

Ampeya ni kipimo cha umeme upitao katika waya, kama vile mtu apimavyo maji yapitayo mtoni. Jina lake latoka kwa Mfaransa André-Marie Ampère (1775–1836), mwalimu mkubwa wa sayansi na Mkatoliki mwenye ibada. Katika nyumba yake huko Paris alikaa mwanafunzi Frédéric Ozanam, yule aliyeanzisha pamoja na wenzake Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mwaka 1833, naye akatangazwa Mwenye Heri mwaka 1997. Ugumu wa njia ambao umeme waupata huitwa ukinzani, na hupimwa kwa omu. Jina hili nalo latoka kwa mwalimu wa shule, Mjerumani Georg Ohm, aliyetoa kanuni yake mwaka 1827. Halafu Mwingereza James Joule alitia waya wenye umeme katika maji, akapima joto lililopatikana, na mwaka 1841 akatangaza kanuni ya joto hilo: zidisha ampeya kwa ampeya zile zile, kisha zidisha kwa omu.

Tulikuwa tumeandika kanuni hiyo katika daftari la seminari. Sasa iangalieni ikifanya kazi. Kiungo kikiwa na ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, nawe wachomelea kwa ampeya 60, joto lake ni wati 36. Si kitu kikubwa. Lakini ukiongeza mpaka ampeya 120, joto halizidi mara mbili tu, lazidi mara nne: wati 144. Na kiungo kikilegea zaidi, kikafika sehemu tatu za mia, joto huwa wati 432, yaani zaidi ya taa saba za zamani za wati 60, zote zikiwaka mahali padogo kama kidole gumba. Joto hilo lachoma shaba, nayo shaba iliyoungua ina ukinzani mkubwa zaidi, nao ukinzani waleta joto jingine. Sisi kila tulipoona moto umefifia tulizungusha gurudumu kuongeza ampeya. Tulidhani twaisaidia mashini, kumbe twaiua.

Mzee akatuambia sababu za kulegea. Kwanza, mashini za transfoma hutetemeka: umeme wa hezi 50 hutikisa chuma chake mara 100 kila sekunde, na ule mngurumo usikiao ndio huo. Pili, chuma kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea, na kila siku nati yapoteza nguvu kidogo. Tatu, kubebwa juu ya pikipiki katika barabara zetu. Nne, nyuzi za transfoma yetu si za shaba bali za alumini, kama zilivyo katika mashini nyingi za bei nafuu. Alumini ikipata hewa hujifunika mara moja kwa ngozi nyembamba isiyopitisha umeme. Tena shaba na alumini zikikutana penye unyevu, alumini huliwa. Na katika Maniema unyevu si haba.

Jinsi tulivyotengeneza

Tulitafuta kosi sokoni, hatukupata za kadiri ile. Kuagiza Kindu au Bukavu kungekula majuma. Ni jambo la kusikitisha: nchi yetu ndiyo ya kwanza katika Afrika kwa kuchimba shaba, na wazee wa Katanga walifua misalaba ya shaba karne nyingi zilizopita wakaitumia kama fedha, nasi tunakosa kofia ya shaba ya kuvika waya. Basi tukalichukua bomba la kijana, tukamaliza kazi aliyoianza.

Kazi ilikwenda hivi. Kwanza tulikata ncha za waya zilizoungua mpaka tukaona shaba nyekundu yenye kung'aa. Wale wanaoacha shaba nyeusi ndani ya kosi mpya wajue wanaoa ugonjwa pamoja na harusi. Pili, tulichagua bomba ambalo waya waingia kwa kubana. Tukalikata vipande vinne, tukavichoma mpaka vikawa vyekundu, tukavitia majini. Chuma cha pua ukikifanya hivyo huwa kigumu, bali shaba hulainika. Tatu, tuliponda nusu ya kila kipande katika jiliwa, tukatoboa tundu kwa keekee kwa kipimo cha bolti, tukalainisha kwa tupa.

Nne, tuliingiza waya katika nusu ya pili, tukaubana kwa jiliwa na tindo butu, mahali pawili, kisha tukauvuta kwa nguvu zetu zote. Ukitoka, haukubanwa. Mmoja wetu alitaka kujaza lehemu tu. Mzee akakataa. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye digrii 183, na kiungo kikipata joto kosi itateleza itoke, nanyi mtaanza upya. Kubana ndiko kunakoshika. Lehemu isiachwe kufanya kazi hiyo peke yake.

Tano, uso wa kila kosi tuliupaka bati jembamba, ili shaba isigusane na alumini moja kwa moja. Alumini yenyewe tuliipaka vaselini, tukaisugua kwa msasa chini ya vaselini ile ile, hewa isipate nafasi ya kuifunika tena, tukafunga upesi. Sita, tuliweka bolti mpya, rondeli bapa, na rondeli ya springi isiyoruhusu nati kurudi nyuma. Tukakaza kwa spana, lakini si kwa hasira, maana alumini ni laini, ikipondwa haishiki tena. Siku ya pili, baada ya mashini kupata joto na kupoa, tukakaza tena.

Mkitaka kujua kama kiungo ni kizima, fanyeni kazi dakika kumi, zimeni, ng'oeni waya wa umeme, kisha sogezeni mgongo wa mkono karibu na kila kiungo. Kilicho cha moto kuliko waya wake ni kigonjwa. Fundi aliyezoea, mwenye kipimo cha volti, aweza kupima pande mbili za kiungo cha waya wa kazi wakati cheche inawaka. Kwa ampeya 100, akiona volti 2, ajue wati 200 zinapotea hapo. Kupima omu kwa kipimo cha kawaida hakufai. Ukinzani huo ni mdogo mno kwake.

Tulipowasha, cheche ililia sauti moja, kama mafuta ya mawese katika sufuria. Vijana wakapiga makofi. Sisi hatukupiga. Vitanda vilivyobaki vilikwisha kwa siku tisa, na Agosti ilikuwa bado haijafika katikati.

Safari ya Kabambare

Jumamosi ile tulikwenda kuungama. Padri alisikiliza yote, akatupa maondoleo, kisha akasema: "Mwenyezi Mungu yuko hapa. Lakini kijana yuko Kabambare."

Mambo hayo tulikuwa tukiwafundisha wengine. Amri ya nane haikatazi uwongo tu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2477, yataja pia kosa la kumhukumu jirani haraka, bila sababu ya kutosha. Na namba 2487 yasema ya kuwa aliyeharibu jina la mtu hana budi kulitengeneza. Aliyeiba mbuzi arudishe mbuzi. Aliyeiba heshima ya mtu arudishe heshima, na airudishe mahali pale pale alipoichukua. Basi kwanza tulisimama mbele ya vijana wote wa karakana, tukawaonyesha lile kopo, tukasema: "Mwenzenu hakuiba. Alitupasha habari, nasi hatukumsikia." Kisha tukapanda pikipiki nyuma ya lori la vitanda.

Njia ile ya Kasongo na Kabambare ni ya zamani. Walipita humo watu wa misafara ya Tippu Tip na pembe zao na watumwa wao, na lugha hii tunayoandika ilikuja kwetu kwa miguu yao. Ni kiangazi, vumbi lilitujaza macho. Njia nzima tulikuwa tukipanga maneno mazuri ya kusema. Tulipofika, maneno yote yalituacha.

Mama yake alikuwa uani akimenya muhogo. "Karibu, Mwalimu. Kaeni, mmechoka," akasema, akaleta maji. Hakuuliza tumefuata nini. Kijana akaja kutoka kwa mjomba wake, fundi wa pikipiki, mikono imejaa grisi. Tukasimama. Tukasema yote, tangu harufu mpaka kopo, mbele ya mama na majirani waliokuja kutazama wageni. Tukaomba msamaha.

Alitazama chini kwa muda. "Mwalimu, niliwaambia inanuka."

"Ulituambia. Ni kweli."

Akanyamaza tena. Kisha akauliza: "Mlitia lehemu, au mlibana?"

"Tulibana."

"Kwa bomba lile la friji?"

"Kwa lile lile ulilolianza."

Hapo alicheka kidogo. Tukamwomba arudi Kasongo, nafasi yake ipo. Akatikisa kichwa. "Nimesamehe, Mwalimu. Lakini kurudi, hapana. Hapa mjomba ananisikiliza."

Neno hilo lilituchoma, na hatukuwa na jibu. Ndipo mama yake akasema, kwa upole, kisu cha muhogo bado mkononi: "Mwalimu, mtoto huyu alifika usiku bila mzigo. Kesho yake watu waliniuliza ameiba nini Kasongo. Nanyi mtawaambia na hao?"

Tulibaki mpaka Dominika. Baada ya ibada, katekista wa pale alitupa nafasi, nasi tukasema mbele ya watu wote, kwa sauti ya kusikika, jina la kijana na kosa letu. Mama yake alikuwa ameketi katika safu ya tatu. Hakulia wala hakutabasamu. Alitikisa kichwa mara moja kukubali, kama mtu aliyelipwa deni lake kamili. Mchana alitupikia ugali na sombe, tukala pamoja na mwanawe.

Kijana hakurudi kwetu. Yuko Kabambare na mjomba wake, na watu husifu kazi yake. Vitanda navyo viko mahali pake. Sisi tumepata desturi mbili mpya katika karakana. Kila miezi mitatu twang'oa waya wa umeme, twafungua sanduku, twapangusa vumbi, twakaza kila nati. Na kila jioni, kabla ya sala ya kufunga kazi, twauliza mmoja mmoja, tukianza na mdogo kuliko wote: "Leo umeona nini? Umesikia nini?" Mara nyingi hujibu, "Hakuna, Mwalimu." Lakini mara mbili wamejibu jambo, na mara zote mbili walikuwa na haki.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorinto ya kuwa Kanisa ni mwili wenye viungo vingi, na ya kuwa hata kile kionekanacho kuwa dhaifu chahitajika. Tumeyafundisha maneno hayo miaka mingi. Siku hizi tukiyafundisha, twakumbuka kopo la maziwa.

Basi, ndugu mafundi, kazeni nati zenu kabla hazijawaka. Nanyi walimu wenzetu, mtoto akiwajia mezani akasema kuna harufu, wekeni kalamu chini, inukeni, mwende mkanuse.